Nilivyopata kundi la kuku vishingo wasiozaa vifaranga wenye manyoya shingoni

Kwa miaka mitatu nilitafuta kitu kimoja tu: kundi la kuku vishingo ambao vifaranga wao wote wangeanguliwa wakiwa na shingo wazi, bila kubahatisha. Ninafugia Mkuranga, ambako tangu Desemba hadi Machi joto la mchana huwalaza kuku wenye manyoya mengi chini ya mwembe, wakihema kwa midomo wazi na kusahau kula, ilhali kishingo huendelea kuchakura kwa sababu mwili wake hupoteza joto kwa urahisi zaidi. Kundi hilo leo ninalo. Ninaandika kwa kuwa ushauri mwingi niliopewa njiani ulinipotezea muda na kuku.

Aliyeniuzia jogoo wa kwanza, kwa elfu thelathini na kitu, aliniapia kwamba jogoo akiwa kishingo basi mayai yote yatatoa vishingo. Nilimwachia matetea wangu wanne wa kawaida. Kati ya vifaranga 14 walioanguliwa, sita tu ndio waliokuwa vishingo, na jambo hilo huonekana siku ile ile, maana shingo ya kifaranga kishingo huwa tupu tangu anapotoka ganda. Niliamini kwamba nimetapeliwa. Sasa najua kwamba muuzaji hakudanganya kuhusu jogoo, ila alikuwa amekosea kuhusu urithi.

Shemeji yangu anafundisha biolojia sekondari, na ndiye aliyenionyesha nilichokuwa nikikitazama kila siku bila kukiona. Alimshika yule jogoo, akamgeuza kifua juu, akaniambia, "Shemeji, tazama hapa." Upande wa mbele wa shingo, karibu na kifua, kulikuwa na kishada cha manyoya chenye upana wa vidole viwili. Manyoya ya shingo huamuliwa na jeni, yaani agizo la urithi lililomo mwilini, na kuku hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja ya kishingo na moja ya kawaida hubaki na kishada hicho, na mwenye nakala mbili za kishingo huwa na shingo tupu kabisa au vinyoya vichache sana. Jeni ya kishingo inatawala, lakini haitawali kikamilifu, ndiyo maana macho yanaweza kusoma kilichomo ndani. Jogoo wangu alikuwa na kishada, kwa hiyo kila yai lilikuwa kura mpya ya nusu kwa nusu, na sita kati ya 14 halikuwa jambo la ajabu hata kidogo.

Niliwapandisha vishingo wenye vishada wao kwa wao, nikingoja robo ya vifaranga wawe na shingo tupu, nusu wawe na vishada na robo wawe na manyoya. Kutoka humo nilimteua jogoo mmoja asiye na kishada. Hata hivyo jicho hukosea, hivyo niliamua kumjaribu kwa matetea wanne wenye manyoya shingoni: ikiwa ana nakala mbili za kishingo, hawezi kumpa kifaranga yeyote nakala ya kawaida.

Katika vifaranga tisa wa kwanza, wawili walitoka na manyoya shingoni. Niliumia sana, na kisu kilikwisha kunolewa ili jogoo yule awe kitoweo cha wageni. Bahati nzuri shemeji aliuliza swali moja: matetea hao walikuwa wapi kabla ya kuingizwa bandani? Walikuwa wakizurura na jogoo wa jirani mpaka siku iliyotangulia. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo katika vijifuko vidogo vilivyomo kwenye njia yake ya uzazi, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu hiyo kwa wiki mbili na hata zaidi baada ya kutenganishwa. Wazee wengine huku husema kwamba damu ya jogoo wa kwanza hubaki katika tetea maisha yake yote. Hiyo si kweli: kinachobaki ni mbegu, nayo huisha. Niliwafungia matetea peke yao kwa wiki tatu, tukala mayai yao yote, kisha nikamrudisha jogoo. Walianguliwa vifaranga 11, wote vishingo, na kila mmoja alikuwa na kishada chake, kama inavyopaswa kuwa mama akiwa wa kawaida. Jogoo mwenye nakala moja angefikisha 11 mfululizo kwa bahati mara moja tu katika 2,048. Kisu nilikirudisha jikoni.

Baada ya hapo nilitamani kuunganisha kishingo na kidimu, yule kuku ambaye manyoya yake yamepinda kurudi nyuma, kwa kuwa naye hustahimili joto. Mfugaji mmoja alinishauri nianze kwa kupandisha kidimu kwa kidimu ili manyoya yapinde zaidi. Huu ndio ushauri ambao bado unaniudhi. Vifaranga walipoanguliwa walikuwa laini na wazima wote, kwa sababu upindaji hauonekani mpaka manyoya ya mabawa yaanze kuchipua. Kufikia wiki ya sita, watatu kati ya 12 walikuwa na manyoya yaliyokuwa yakikatika mikononi mwangu kama nyasi kavu, na migongo yao ilikuwa karibu uchi. Hao ndio waliorithi nakala mbili za kidimu. Mvua za masika ziliwaua wawili. Tangu hapo kidimu wangu hupandishwa kwa kuku mwenye manyoya yaliyonyooka tu, nao hunipa nusu ya vifaranga wenye manyoya yaliyopinda vizuri na yasiyovunjika.

Kulikuwa pia na tetea mmoja ambaye manyoya yake yalionekana yamenyooka, isipokuwa machache ya shingoni yaliyojikunja kidogo sana, lakini akatoa vidimu kwa jogoo wa kawaida. Majirani walisema maneno mengi. Kumbe kuna jeni nyingine, tofauti na ya kidimu, ambayo kuku akirithi nakala zake mbili hupunguza upindaji mpaka karibu usionekane. Tetea huyo alikuwa kidimu aliyefichwa, na vifaranga wake, waliopata nakala moja tu ya hiyo jeni nyingine, waliurudisha upindaji mbele ya macho yetu.

Jeni ya kishingo na ya kidimu ziko kwenye kromosomu tofauti, yaani nyuzi tofauti zinazobeba jeni, kwa hiyo kila moja hurithiwa bila kuifuata nyingine. Jogoo wangu wa shingo tupu alipokutana na matetea vidimu wenye manyoya shingoni, vifaranga wote 13 walikuwa vishingo wenye vishada, na saba kati yao walikuwa vidimu. Matetea kati ya hao saba nimewapandisha kwa jogoo mwingine wa shingo tupu mwenye manyoya yaliyonyooka, niliyemjaribu kwa njia ile ile, na kwa hesabu natarajia kifaranga mmoja katika kila wanne awe na shingo tupu kabisa na manyoya yaliyopinda. Wawili wa namna hiyo tayari wanachakura nje ya dirisha langu saa hizi, saa saba mchana, na jua ni kali.