Kihispania kwa Mwamu: Baada ya Kozi ya Mwanzo

Kozi ya mwanzo ya Kihispania niliyoimaliza hivi karibuni kwa njia ya mtandao, ile ya ngazi inayoitwa A1, iliandikwa kwa ajili ya mtu anayetokea katika Kiingereza, na jambo hilo huonekana karibu katika kila ukurasa. Kila panapofika mahali ambapo Mwingereza atakwama, kitabu hupunguza mwendo, hutoa onyo na kurudia mazoezi. Panapokuwa na ugumu wa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, hupita mbio kana kwamba hapana kitu. Nimeona niandike kwa ajili ya wenzangu wa Shela na Amu (Lamu) mjini, wanaofanya kazi na wageni kama niifanyavyo mimi, ambao wameanza kuniuliza kama lugha hii yafaa kujifunzwa, maana Kitaliano wenzetu wa Malindi wamekwisha kukishika barabara.

Nianze na yale ambayo kitabu kinayaogopa bure. Sura nzima inamwandaa msomaji kwa habari kwamba majina ya Kihispania yamegawanyika katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na kwamba sifa ni lazima ifuate jina lake: “casa blanca”, “barco blanco”. Mtu asemaye nyumba nyeupe, jahazi jeupe, mlango mweupe na kitambaa cheupe bila hata kufikiri hana sababu ya kutishwa na mafungu mawili. Hali ni hiyo hiyo kwa kitenzi kinachobeba nafsi ndani yake, kwani Mhispania husema “hablo” bila kulazimika kutaja “yo”, nasi twasema nasema bila kulazimika kutaja mimi, ila alama yetu hutangulia na yake huja mwishoni. “Te quiero” humsumbua Mwingereza kwa sababu anayependwa ametangulia kitenzi. Katika nakupenda naye yuko pale pale, mbele ya kupenda. Hata “me gusta el café”, iliyotengewa kipindi kizima, ni kahawa yanipendeza, wala hakuna la ziada.

Upande wa matamshi tuna bahati zaidi, hasa sisi tuliopitia chuoni, yaani madrasa, na kufundishwa kuzitoa herufi za Kiarabu mahali pake. Irabu za Kihispania ni tano, nazo ni zile zile zetu. J yao, hasa kwa watu wa Madrid, inakaribia kh ya khofu. Z yao ya Uhispania ya kaskazini na ya kati ni th ya thelathini, ingawa Amerika ya Kilatini na sehemu kubwa ya Andalucía huitamka s. Na d iliyo katikati ya irabu, kama ya “nada”, hulegea hadi kuikaribia dh ya dhahabu. Kilichonihitaji zoezi ni v na b, ambazo kwao ni sauti moja.

Sasa ugumu wetu. Kiswahili hakina vijineno kama “el”, “la”, “un” na “una” vya kutangulia jina, na kitabu, kwa kuwa Kiingereza kinavyo vya kwake, hakielezi vyatumika lini na huachwa lini. Hueleza tu vinavyobadilika kwa jinsi na idadi. Kuna pia yeye. Sisi twaweza kuzungumza mchana kutwa juu ya rafiki yetu bila msikilizaji kujua kama ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo wakati mwingine lina faida zake, lakini Mhispania hukulazimisha useme “amigo” au “amiga” tangu neno la kwanza, na mimi mwenyewe nikichoka ni “cansada”, kaka yangu akichoka ni “cansado”. Kisha kuna “por” (kwa sababu ya, kwa kupitia) na “para” (kwa ajili ya), ambazo kwetu mara nyingi huangukia kwenye “kwa” ile ile moja inayobeba sababu, njia na chombo pamoja.

Pia kuna saa. Somo la saa liliwekwa kuwa jepesi, la kufundishia tarakimu tu, lakini mtu anayesema saa moja asubuhi ni lazima kwanza aongeze sita ndipo afike “las siete”, yaani saba, na kufanya hivyo huku mgeni akikungoja aambiwe mashua inaondoka lini si jambo la papo kwa papo. Hapa ndipo nilipojifunza pia kwamba Wahispania hula chakula cha mchana saa nane au saa tisa na cha usiku hata saa nne, na kwamba sababu mojawapo ni kuwa tangu 1940 saa za nchi yao hufuata zile za Ulaya ya kati ingawa nchi iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua lao huchelewa kuliko saa ya ukutani. Mpishi wetu, aliyekuwa akiwalaumu kwa kuchelewa mezani, sasa angalau anajua kisa chake.

Jambo ambalo kozi ililifundisha vibaya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni tofauti ya “ser” na “estar”, vitenzi viwili vya kuwa. Kitabu husema kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu na cha pili ni cha mambo ya kupita, halafu msomaji hukutana na “está muerto”, amekufa, akabaki kujiuliza ni kifo gani hicho kinachopita. Kwa Mswahili kuna njia iliyo karibu zaidi. Mimi ni mpokeaji wa wageni huenda na “ser”. Niko Shela huenda na “estar”. Na yale tunayoyasema kwa -me- ya hali, kama vile nimechoka, nimekaa, mlango umefungwa, amekufa, nayo kwa kawaida huenda na “estar”. Njia hii haifiki kila mahali, kwani harusi iko Lamu kwao ni “la boda es en Lamu”, kwa sababu shughuli hawaihesabu kama kitu kilichowekwa mahali, lakini imenifaa kuliko kanuni ya kitabu, na mwalimu wetu, Mkolombia wa Bogotá, alipoisikia aliandika maelezo yake pembeni.

Niingie katika utamaduni, ambao kozi iliutengea kurasa mwishoni mwa kila sura. Kurasa hizo zilikuwa na picha za mpigana na ng’ombe, kofia pana ya Mexico, mcheza flamenco na sufuria ya paella, vyote vikiwa chini ya anwani moja, kana kwamba watu karibu milioni 500 waliozaliwa katika lugha hii, wenye nchi 20 na Puerto Rico juu yake, hukaa nyumba moja. Flamenco ni ya Andalucía, paella ni ya Valencia, na ile Siku ya Wafu ambayo kitabu kiliipamba kwa mafuvu ya sukari ni ya Mexico zaidi kuliko ya mahali pengine popote. Sisi Waamu tunaufahamu vizuri utamaduni wa namna hii. Tangu mji wetu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hata kabla ya hapo, tumezoea kujiona katika vijitabu kama punda, jahazi na mlango wa nakshi, na wanaotusoma huko huwa hawaambiwi kwamba kuna watu wanaopanga foleni ya matibabu na kugombea bei ya samaki. Kwa hiyo nilizisoma kurasa zile kwa jicho la mtu ambaye naye amewahi kupigwa picha.

Kilichoachwa ndicho kilichonivuta. Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, ambako Kihispania ni lugha rasmi na Wafang na Wabubi huzungumza nyumbani lugha za Kibantu zenye ngeli kama zetu, ilitajwa katika orodha ya nchi na miji mikuu, basi. San Basilio de Palenque haikutajwa kabisa. Mwalimu ndiye aliyetusimulia habari zake nilipouliza watu weusi wa kwao walitoka wapi. Ni kijiji kilicho karibu na Cartagena ya Kolombia, kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, na hadi leo wana lugha yao yenye maneno mengi ya Kihispania na athari za Kikongo, ambayo ni lugha ya Kibantu. UNESCO ilikitambua kijiji hicho mwaka 2005. Kwa msomaji wa pwani hii, ambaye historia ya utumwa kwake si hadithi ya mbali, ukurasa mmoja juu ya Palenque ungekuwa na uzito kuliko kurasa tatu za mpigana na ng’ombe.

Kuhusu Andalucía yenyewe, kitabu kiliweka picha ya Alhambra, kasri ya wafalme Waislamu huko Granada, na kuandika kwamba Waislamu walikaa Uhispania tangu 711 hadi 1492, “kisha wakaondoka”. Katika picha ile nilisoma, kwa Kiarabu changu cha chuoni, maneno yaliyochongwa mara nyingi katika kuta zile: Wala ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nyumba za kale za Córdoba nazo, zenye ukuta mtupu upande wa barabara na kiwanda cha wazi, yaani ua, katikati, mtu wa Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, hahitaji kuelezwa kwa nini zilijengwa hivyo. Joto na stara hufundisha ujenzi mmoja. Lakini hilo neno kuondoka silikubali. Granada ilitekwa mwaka 1492, Waislamu wa ufalme wa Castilla wakalazimishwa kubatizwa au kuhama mwaka 1502, na wajukuu wao waliobaki, walioitwa Wamorisko, wakafukuzwa kati ya 1609 na 1614.

Kabla ya kufukuzwa, Wamorisko walikuwa wakiandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, maandishi ambayo wataalamu huyaita “aljamiado”, na baadhi ya vitabu vyao vilivyofichwa viligunduliwa mwaka 1884 katika nyumba moja ya Almonacid de la Sierra, chini ya sakafu ya uongo. Niliposoma hayo niliwaza tenzi za Pate, Siyu na Amu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo na kutunzwa makashani na bibi zetu bila mtu kuwazuia. Na kuna jambo moja zaidi ambalo halikuwamo kitabuni: tangu 1580 hadi 1640 mfalme wa Uhispania ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia, kwa hiyo Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilianza wakati Wareno walipokuwa chini ya Felipe II.

Nimalizie na swali ambalo wenzangu huniuliza mara nyingi, kwamba wajifunze Kihispania kipi. Kiswahili chetu sanifu kilitolewa katika Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na Mwamu asemaye mato na mai, yaani macho na maji, anajua maana ya kukuta lugha yake haimo kitabuni. Kihispania kina akademia iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713, lakini nchi za Amerika zina akademia zao, na hakuna anayemwona Mwajentina kuwa amekosea anaposema “vos” pale Mmadrid anaposema “tú”. Hata heshima haina mahali pamoja. Sisi tunaiweka katika salamu na katika kumwita mtu ami, maalim au bwana, na kumwambia mzee wewe waziwazi ni utovu wa adabu. Wao huiweka katika “usted”, ila Uhispania hivi leo huwaambia “tú” hata wasiowajua, na mwalimu wetu wa Bogotá humwambia “usted” mama yake mzazi na kaka yake pia, bila ubaridi wowote. Kwa mtu wa Lamu, “usted” ndiyo salama. Mgeni atakayetaka ukaribu atasema mwenyewe.

Limebaki “vosotros”, la kuwaambia ninyi, ambalo hutumika Uhispania na si Amerika, na ambalo mwalimu wetu hulifundisha kwa kusoma kitabuni kwa sababu kwao halimo. Wahispania wengi wanaotufikia hutoka Madrid na Barcelona, nao watalisema. Nimeamua kulisikia na kulielewa, lakini nitajibu kwa “ustedes”, ambalo kule kwao litachukuliwa kuwa ni adabu na Amerika litachukuliwa kuwa la kawaida, na hivyo ndivyo nitakavyowashauri wanaoanza.