Kupanga Mwaka wa Kwanza Unapofikiria Fani Kuu Mbili

Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa na azma ya kusoma fizikia na falsafa kwa pamoja, kama fani kuu mbili za shahada moja, na katika muhula wa kwanza nilifanya kosa lililonifuata hadi mwaka wa mwisho: niliiahirisha kalkulasi. Nilijiambia kwamba nimetoka kwenye mitihani mizito ya sekondari, kwamba akili inahitaji kupumzika, na kwamba hisabati itanisubiri. Nilisajili kozi mbili za falsafa, moja ya historia na moja ya uandishi, nikazifaulu zote, wala sikuona kwamba nimepoteza chochote hadi siku ya kujisajili kwa muhula wa pili, nilipokuta kwamba mekanika, kozi ya kwanza kabisa ya fizikia, haimpokei mwanafunzi ambaye hajamaliza kalkulasi, na kwamba anayeikosa huingoja mwaka mzima. Mekanika ndiyo mlango wa umeme na sumaku, umeme na sumaku unadai kalkulasi ya vekta, na mekanika ya kwanta inadai hayo yote pamoja na aljebra ya mstari. Muhula mmoja wa mapumziko ulisukuma mnyororo mzima kwa mwaka.

Tangu hapo nimeamini kwamba swali la mwaka wa kwanza si fani ipi uichague, bali ni milango ipi itafungwa usipoingia sasa. Fani hazina umbo moja. Fizikia, kemia, hisabati, uhandisi na lugha ya kigeni inayoanzwa kutoka mwanzo zinafanana na ngazi, kwa kuwa kila kozi inasimama juu ya iliyotangulia na huwezi kuruka kipandio. Historia, falsafa na sosholojia zinafanana zaidi na uwanja mpana: zipo kozi za utangulizi, na za juu zinahitaji ukomavu wa kusoma na kuandika, lakini mwanafunzi anaweza kuingilia upande wowote, hata katika mwaka wa pili. Kwa hiyo anayetaka kuunganisha ngazi na uwanja aanze na ngazi, hata kama moyo wake uko uwanjani. Anayeunganisha ngazi mbili, kwa mfano kemia na hisabati, hana nafasi ya kuchelewesha hata moja, na ni afadhali alijue hilo kabla ya kujisajili.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kupanga kwa kurudi nyuma. Chukua orodha rasmi ya mahitaji ya fani zote mbili, anza na kozi ya mwisho kabisa ya kila moja, andika kozi inayoitangulia, kisha inayoitangulia hiyo, mpaka ufike kwenye kozi isiyodai kitu chochote. Hesabu mihula iliyomo katika kila mnyororo. Angalia pia kozi zipi hutolewa mara moja kwa mwaka na zipi hutolewa kila baada ya miaka miwili, maana hizo ndizo huvunja mipango ya watu wengi. Kazi hii inachukua jioni moja, nami natamani sana kwamba mtu angenikalisha chini tukaifanya pamoja kabla ya wiki ya kwanza ya masomo.

Baada ya minyororo huja hesabu ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi. Nchini Marekani shahada ya kwanza ya miaka minne huhitaji kwa kawaida krediti zipatazo 120, yaani karibu 15 kwa muhula. Tuchukue mfano wa fani moja inayodai krediti 42, nyingine 36, na kozi za msingi zinazowahusu wanafunzi wote zikiwa 40: jumla ni 118, na nafasi ya kujaribu kitu kingine inabaki ndogo mno. Kozi zinazohesabiwa katika fani zote mbili huokoa nafasi, lakini vyuo vingi vimeweka kikomo cha kozi za namna hiyo, kwa hiyo ni lazima kikomo hicho kisomwe katika kanuni zenyewe, si kusikiwa kutoka kwa mwanafunzi mwenzako. Ieleweke pia kwamba fani kuu mbili ndani ya shahada moja si sawa na shahada mbili, ambazo aghalabu hudai krediti za ziada.

Kozi za msingi zina faida ambayo wengi hawaioni. Washauri wengine huwahimiza wanafunzi wazimalize zote mapema, na kwa mwenye fani moja hilo halina madhara makubwa. Kwa mwenye fani mbili nalipinga. Kozi hizo nyingi hazidai kozi nyingine kwanza na hutolewa kila muhula, hivyo zinafaa kutawanywa katika miaka yote ili kila muhula uwe na angalau kozi moja nyepesi kando ya zile nzito. Anayezimaliza zote mwaka wa kwanza anajikuta mwaka wa tatu na maabara mbili na makala ndefu za kuandika, bila pahali pa kuvutia pumzi. Kipimo kilichozoeleka ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kwa kila krediti, kila wiki. Krediti 15 ni saa 45, na hapo ripoti za maabara hazijaanza kudai za kwao.

Jambo la mwisho ni mazungumzo. Mwenye fani mbili anahitaji mshauri wa masomo katika kila idara, kwa sababu mshauri wa fizikia hajui ratiba ya falsafa, wala hana wajibu wa kuijua. Nenda kwao na mpango ulioandikwa, hata kama una makosa; ni rahisi zaidi kwa mshauri kuusahihisha mpango kuliko kuutunga.

Katika mwaka wangu wa mwisho semina ya falsafa iligongana na kozi za fizikia nilizokuwa nimezirundika, na falsafa ikabaki fani ndogo katika nakala yangu ya matokeo. Kama ningejisajili upya leo, muhula wa kwanza ningechukua kalkulasi, mantiki, uandishi na kozi moja ya msingi. Wa pili, kalkulasi ya pili, mekanika, falsafa ya kale na kozi nyingine ya msingi. Mwishoni mwa mwaka fani zote mbili zingekuwa bado wazi mbele yangu.