Rifampisini, Virusi vya Ndui na Swali la Mgonjwa wa Temeke

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Mpox, ugonjwa unaoletwa na virusi vya jamii ya ndui, ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na kabla wiki haijaisha swali lilikuwa limeshafika kwenye dirisha letu la kugawia dawa za kifua kikuu huko Temeke. Mgonjwa mmoja, kijana aliyekuwa hakosi dozi, alikuwa amesoma kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huzuia virusi vya jamii ya ndui, akataka kujua kama yeye aliyekuwa akiimeza kila asubuhi alikuwa amekingwa, na kama angeweza kumgawia mdogo wake aliyetokwa na vipele. Nilimsihi asimpe mtu yeyote hata kidonge kimoja, amlete mdogo wake apimwe, nami nikaahidi kumtafutia maelezo kwa mtu anayelijua jambo hilo kwa undani.

Jumamosi ile kulikuwa na semina ya watumishi wa afya Upanga, na mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mstaafu aliyefundisha elimu ya virusi kwa miaka mingi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamweleza habari ya yule kijana. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Alichukua chaki, akachora seli kubwa iliyojaa ubao mzima, kisha akasema kwamba anayetaka kujua dawa inazuia nini ni lazima kwanza ajue virusi hivyo vinapita wapi.

Virusi vya jamii ya ndui, alieleza, havifanani na virusi vingi vyenye DNA, kwa sababu haviingii kwenye kiini cha seli ili kuzaliana. Vinafanyia kazi yote kwenye saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, na vinakuja na vimeng'enya vyake vya kusomea jeni za mwanzo. Ndiyo maana haidroksiurea, dawa ambayo wenzetu wa kliniki za selimundu wanaifahamu vizuri, haizuii hatua ile ya kwanza ndani ya seli za maabara: protini za mwanzo hutengenezwa kama kawaida, lakini malighafi ya kujengea DNA hupungua, nakala mpya hazipatikani, na kwa kuwa jeni za mwisho zinahitaji nakala hizo mpya ili zisomwe, kazi yote hukwama pale. Sidofoviri, dawa ya kupambana na virusi, nayo hukwamisha karibu na hapohapo kwa njia nyingine, kwani huingia kwenye mnyororo wa DNA unaojengwa na kukivuruga kimeng'enya kinachoujenga.

Alipofika kwenye rifampisini alikaa nayo muda mrefu, na ninafurahi kwamba hakuharakisha. Sisi tulijua kwamba ndani ya bakteria wa kifua kikuu dawa hii hukamata kimeng'enya kinachotengeneza RNA, na watafiti walioonesha mwaka 1969 kwamba inazuia virusi vya vaksinia, jamaa wa karibu wa ndui, walikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba hapa pia inafanya vivyo hivyo. Sivyo. DNA ya virusi hunakiliwa, protini za mwisho hutengenezwa, na bado hakuna virusi kamili vinavyopatikana.

Alituonesha picha ya hadubini ya elektroni. Katika seli isiyo na dawa kulikuwa na miduara iliyokamilika vizuri, kila mmoja ukiwa na ukingo mzito. Katika seli yenye rifampisini palikuwa na vipande vya utando vilivyolegea, vimejikunjakunja ovyo kandokando ya rundo la protini. Kinachokosekana ni ule ukingo, ambao umeundwa na protini iitwayo D13. Protini hiyo hujipanga juu ya utando na kuulazimisha uwe tufe, kama mbao ambazo fundi hupiga kabla ya kumwaga zege na kuzibandua zege likishakauka, kwa maana virusi vikikomaa D13 huondoka. Rifampisini hujibana kwenye protini hiyo, nayo ikashindwa kujipanga. Dawa ikioshwa kwenye seli, miduara huanza kuonekana ndani ya dakika chache tu. Nilishangaa sana kusikia hilo, maana nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba dawa inaua, ilhali hapa ilikuwa imesimamisha tu.

Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini basi isitumike kwa wagonjwa wa Mpox. "Kwa sababu ya kiasi, baba," alijibu. Katika seli za maabara inahitajika takribani maikrogramu 100 kwa kila mililita, wakati dozi ya kawaida hufikisha kwenye damu kama maikrogramu 8 hadi 24, tena kwa muda mfupi. Kuipandisha hadi kule ni kumwumiza mgonjwa, na kuigawa ovyo mitaani ni kuwafanya bakteria wa kifua kikuu wawe sugu kwa dawa.

Kisha akatuambia habari ya tekovirimati, dawa nyingine ya virusi vya jamii ya ndui, ambayo huzuia protini nyingine, F13, isivivike virusi utando wa ziada vinaouhitaji ili kutoka na kusambaa kwenda seli nyingine. Siku moja tu baada ya tangazo la dharura, matokeo ya jaribio lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa wagonjwa wa Mpox yalikuwa yametolewa: dawa hiyo haikufupisha muda wa vidonda kupona. Hata hivyo vifo miongoni mwa washiriki, waliopewa dawa na wasiopewa, vilikuwa asilimia 1.7, chini ya vile vilivyokuwa vikiripotiwa nchini humo, kwa kuwa wote walilazwa na kuhudumiwa vizuri. Hapo Mama aliweka chaki chini, akatukazia macho sisi wauguzi.

Jumatatu kijana alikuja na mdogo wake. Kabla ya kuwapeleka kwa daktari nilimchorea seli nyuma ya bahasha ya dawa, nikamwonesha mahali rifampisini inaposhika, na kwa nini ile anayoimeza yeye haifiki huko.