Mishale Ukutani

Nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha pili katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, na tulikuwa tumefika kwenye sheria za mwendo za Newton. Ya kwanza hukaririka haraka: kilichotulia kitabaki kimetulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa mwendo uleule, kwenye mstari ulionyooka, mpaka nguvu ya nje iingilie. Darasa lilikuwa limeshaiimba. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Baba yangu anasukuma mkokoteni sokoni, na mimi humsaidia. Tukiacha kusukuma, unasimama. Hiyo ya kuendelea wenyewe sijawahi kuiona."

Wenzake walicheka, nikawanyamazisha. Alichosema ndicho alichofundisha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na wasomi wakubwa walikishika kwa karne nyingi, hadi Galileo alipoanza kuviringisha mipira kwenye mbao za mteremko na Newton akaja kuiandika sheria yake kitabuni mwaka 1687. Mtu aliyesukuma mzigo kwa mikono yake ana haki ya kudai ushahidi, na mimi mwanafunzi wa namna hiyo namheshimu kuliko yule anayenakili kila kitu na kufunga daftari.

Kesho yake nikaenda na laptopu na projekta ya kuazima. Kwenye flashi nilikuwa na programu za kuigiza majaribio ya sayansi kwenye kompyuta, za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Zinatolewa bure, na ukishazipakua unazitumia bila bando. Tulitundika kanga madirishani, ukuta ukawa skrini.

Ukutani palikuwa na kasha la kilo 50 juu ya sakafu, na mtu wa kulisukuma. Nikamwita yule kijana aje ashike mausi. Akaanza na nguvu ndogo: mshale wa nguvu yake ukatokea kuelekea kulia, na papo hapo mwingine wa urefu uleule, wa msuguano wa sakafu, ukatokea kuelekea kushoto. Kasha halikutikisika. Akaongeza, na mshale wa msuguano nao ukarefuka. Akaongeza tena, nao ukamfuata. Darasa likaanza kumshangilia kana kwamba yeye ndiye anayesukuma. Ghafla kasha likaondoka, na hapo mshale wa msuguano ukafupika kidogo.

"Ndiyo maana kuuondoa ndiyo kazi!" akasema, akiwageukia wenzake. "Ukishaondoka unakuwa na nafuu."

Hilo sikuwa nimelifundisha bado. Msuguano wa kitu kilichotulia unaweza kufika juu zaidi kuliko wa kitu kinachoteleza, na yeye alikuwa analijua begani mwake siku zote.

Nikamwambia apunguze nguvu taratibu mpaka mishale miwili ilingane. Sindano ya geji ya mwendo ikatulia, jumla ya nguvu ikasoma sifuri, na kasha likawa bado linakwenda. Darasa likanyamaza. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: wanaona kitu kinakwenda, wanaambiwa jumla ya nguvu ni sifuri, na vichwani mwao hayo mawili hayakai pamoja. Ubaoni nilikuwa nimelieleza hilo kila mwaka. Ukutani walikuwa wanaliona linatokea, sindano imesimama palepale.

"Sasa acha kusukuma," nikasema. Mshale wake ukatoweka. Ukabaki mmoja tu, wa msuguano, ukielekea nyuma, na kasha likapunguza mwendo hadi likasimama. Kijana akaukazia macho. Kisha, bila kuulizwa, akaivuta swichi ya msuguano mpaka mwisho, pasiwe na msuguano kabisa. Sakafu ikawa kama barafu. Akasukuma kidogo, akaachia. Mtu akabaki nyuma, kasha likaendelea. Hakuna mshale hata mmoja, na sindano haishuki.

"Litasimama lini?" mmoja akauliza.

"Halisimami," akajibu yeye mwenyewe. "Mkokoteni wa baba unasimamishwa. Kumbe hausimami wenyewe."

Nilitaka kuishia pale. Lakini binti mmoja wa safu ya mbele, mpole, asiyependa kusimama, alikuwa ameinua mkono.

"Mwalimu, kama sakafu haina msuguano, huyu mtu alikuwa anakanyaga wapi? Si angeteleza yeye?"

Programu haikuwa na jibu. Mishale yake yote ilihusu kasha. Ya mtu anayesukuma haikuwa imechorwa, na miguu yake ilikuwa inapiga hatua juu ya barafu bila shida yoyote. Watengenezaji walikuwa wameiacha kando kwa makusudi, ili mtoto aangalie jambo moja kwa wakati, nami naona walifanya sawa. Lakini swali lilikuwa la kweli, nikampa chaki.

Akamchora mtu akiwa ameinama. Akachora mshale kutoka kwenye kasha ukimrudisha mtu nyuma. Halafu akasita, akachora mwingine miguuni, ukielekea mbele.

"Huo ni wa nini?" akauliza yule kijana.

"Msuguano."

"Msuguano unazuia! Tumeuona sasa hivi ukielekea nyuma!"

"Unazuia mguu usiteleze kwenda nyuma," akasema binti. "Kwa hiyo yeye anasukumwa mbele. Baba yako akivaa ndala zilizolika soli, siku ya mvua, mkokoteni anausukumaje?"

Kengele ikalia, na mwalimu wa kipindi kilichofuata akawa amesimama mlangoni. Wao walikuwa bado ubaoni, wawili na chaki moja, na darasa limegawanyika nusu kwa nusu.