Kwa nini nataka kubobea kwenye mapafu

Ukifanya kazi wodini hapa Kisumu, magonjwa ya mapafu hayakupi nafasi. Kuna kifua kikuu, kuna mama aliyepikia kuni tangu utotoni na sasa hamalizi ngazi bila kusimama. Ndiyo maana nautaka ubingwa bobezi wa mapafu na wagonjwa mahututi. Marekani fani hizi mbili hufundishwa pamoja kwa miaka 3, juu ya ile 3 ya magonjwa ya ndani. Ni mingi, lakini sioni njia ya mkato.

Maana mashine ya kupumulia peke yake haitoshi. Mgonjwa ambaye mapafu yamevimba na kujaa maji humpi hewa kwa kukisia. Unachukua utepe, unampima akiwa amelala, kisigino hadi utosi, kisha kwa urefu huo unakokotoa uzito unaomstahili na kumpa, kwa kila pumzi, kama mililita 6 za hewa kwa kila kilo. Uzito wa mizani hauhusiki. Mtu akinenepa, mapafu hayakui. Ukizidisha hewa, mashine yenyewe inayaumiza. Sista wa zamu ya usiku ndiye aliyenionyesha: "Daktari, pima kwanza." Natamani kila kaunti ya huku magharibi ipate bingwa wa kufundisha hivyo, kando ya kitanda.