Karafuu yenye kichwa

Amsterdam, Jumamosi usiku, Novemba

Nimeingia ndani sasa hivi. Koti nimelitundika mlangoni linachuruzika maji, viatu nimevijaza magazeti, miguu nimeielekeza kwenye joto. Nisipoandika usiku huu, kesho nusu ya mambo yatakuwa yameshanitoka.

Mjomba amenipeleka baa. Naliandika neno kama lilivyo, maana mimi ni mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, na kwetu baa unapita mbele yake mbiombio, uso umeugeuza upande wa pili. Aliponiambia, tulikuwa chini ya mwavuli mmoja pembeni mwa mfereji wa Prinsengracht. Nikamtazama.

"Mjomba, baa?"

"Baa, mwanangu. Wewe utakunywa chai, mie kahawa, tutakaa. Nani kakwambia watu huingia kulewa tu?"

Mjomba amekaribia miaka sabini. Aliteremka melini Rotterdam akiwa kijana, baharia wa chumba cha mashine, na safari ya kurudi hakuipanda. Sala zake tano hazimpiti. Na Jumamosi zote hizo, akishatoka sokoni, amekuwa akikaa katika baa hiyohiyo. Nikaufunga ushungi wangu vizuri, nikamfuata.

Lakini nianze na soko, maana bila ya soko haya mengine hayashiki.

Noordermarkt ni uwanja mdogo chini ya kanisa la Noorderkerk, kanisa lililokamilika mwaka 1623. Jumamosi wakulima huleta maboga, uyoga, mikate, na jibini nzimanzima za mviringo, kubwa kama magurudumu ya mkokoteni. Mama mmoja alikuwa akiparuza jibini kwa kisu kipana chenye mwanya katikati, kipande kinatoka chembamba kama utando wa maziwa. Akaninyooshea kimoja. Kilikuwa na madoadoa meusi. Nikakitia mdomoni bila ya kuuliza, nikakitafuna mara mbili, na mara ya tatu nikasita.

Karafuu.

Jibini, maziwa ya ng'ombe wa Friesland huko kaskazini, na ndani yake karafuu na bizari ya pilau. Wanaiita nagelkaas, jibini ya misumari, kwa sababu karafuu kwao ni kruidnagel, msumari wa kiungo. Ukiitazama karafuu kavu utaona hawakukosea, ni kimsumari kweli, na kichwa chake. Nikasimama pale sokoni macho yamejaa machozi, na mvua ikanisitiri.

Huu kule Pemba ni msimu. Bibi yangu hivi sasa yuko ukumbini, taa inawaka, karafuu mbichi zimemwagwa katikati ya jamvi, na wajukuu wamezizunguka wanachambua: karafuu huku, makonyo kule. Nilijua kuchambua kabla sijajua kusoma. Unashika kishada kwa mkono wa kushoto, unakigandamiza kwenye kiganja cha kulia, karafuu zinaanguka zenyewe ukiwa na mkono mwepesi. Ukiwa na mkono mzito unazivunja vichwa. Bibi hakuwa akitupigia kelele kwa jambo jingine lolote, ila hilo. "Karafuu ni kichwa," akisema. "Isiyo kichwa ni kijiti."

Nikanunua robo kilo. Mjomba akaitia kwenye mfuko wa koti lake, na humo mfukoni, nilikuja kujua baadaye, mlikuwa na kifurushi kingine.

Baa yenyewe inaitwa Papeneiland. Iko pembeni kabisa, pale Prinsengracht inapokutana na Brouwersgracht, maji mbele na maji ubavuni. Nyumba ya matofali mekundu, paa lake mbele limekatwa ngazi ngazi kama wajengavyo wao, na tarehe yake ni 1642. Nilipokuwa nje niliiona ndogo, nikadhani imeinama kidogo kama mzee anayesikiliza. Nyumba nyingi za mferejini zimeinama hivyo, na si uzee peke yake. Zilijengwa makusudi zikiegemea mbele, juu kabisa pana boriti yenye kulabu, mizigo inapandishwa kwa kamba bila ya kugonga ukuta.

Ndani ni giza la kahawia. Watu wa huku baa za namna hii huziita za kahawia, na mimi nilikuwa nikidhani ni rangi ya mbao tu. Mjomba akaniambia niangalie dari. Rangi ile haikupakwa. Ni moshi wa tumbaku, wa kiko na sigara, umepanda juu miaka nenda miaka rudi mpaka mwaka 2008 serikali ilipokataza kuvuta ndani. Nikakaa nikiitazama dari ile muda mrefu. Kila aliyewahi kukaa hapa na kupumua ameacha kitu juu yake, na wenye nyumba hawakukikwangua.

Ukutani kuna vigae vya Delft, vyeupe vyenye michoro ya buluu. Kuna jiko la chuma la kuotea moto. Meza ni ndogo, mbao zimelainika pembeni kwa viwiko vya watu. Nilitarajia makelele na muziki. Nilikuta watu wazima wawili wanasoma gazeti moja, kila mmoja kashika kurasa zake, mama mmoja na mbwa wake chini ya kiti, na vijana watatu wakinong'ona. Hapo ndipo nilipoelewa Mjomba alikuwa akinambia nini njiani. Hii ni baraza. Ni kile kibaraza cha nje ya nyumba zetu, ila huku baridi imekiingiza ndani na kukifungia mlango. Mtaa wa Jordaan ulio nyuma yake, ambao sasa ni wa watu wenye fedha, ulikuwa wa wafanyakazi, familia nzima katika chumba kimoja. Mtu akitaka kukaa na mwenzake aende wapi? Alikuja hapa. Mpaka leo baa kama hii wanaiita sebule yao.

Chai ya mnanaa huku huletwa katika bilauri ya kioo, matawi mazima ya mnanaa yamesimama ndani na asali pembeni. Mjomba akaniagizia na keki ya matofaa, ambayo ndiyo sifa ya nyumba hii. Rais mstaafu wa Marekani Bill Clinton aliila hapa mwaka 2011, na hilo hawalifichi. Ni keki nzito, matofaa hayakusagwa, unayakuta vipande vipande, na mdalasini unakupanda puani kabla uma haujafika.

Mzee mmoja aliyekaa kwenye kaunta aliagiza jenever, kinywaji chao kikali cha tangu zamani. Simulizi hii nimemwahidi mdogo wangu, kwa hivyo naiandika kwa ukamilifu. Gilasi yake ni ndogo, imepanuka juu kama ua. Mwenye baa akaijaza mpaka ukingoni, halafu akaongeza tena, mpaka kinywaji kikatuna juu ya ukingo na hakimwagiki. Mzee hakuigusa. Aliweka mikono nyuma, akainama taratibu, akanywa funda la kwanza hapohapo mezani kama mtu anayekunywa mtoni. Ndipo akainua gilasi. Hakucheka, na hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi. Kinywaji chenyewe si changu wala sikitamani, lakini adabu ile ya kuinama niliipenda.

Nikamuuliza Mjomba maana ya jina. "Papen ni jina walilokuwa wakiwaita Wakatoliki kwa kuwadharau," akasema. "Eiland ni kisiwa." Mwaka 1578 mji huu ulipochukuliwa na Waprotestanti, Wakatoliki walikatazwa kusali hadharani. Wakasali ndani ya majumba, darini, nyuma ya maduka. Husimuliwa kwamba hapa palikuwa na njia ya chini ya ardhi inayopita chini ya mfereji mpaka kanisa la siri la ng'ambo. Mjomba akanionyesha kwa kidevu ngazi zinazoteremka kule nyuma. Nikawafikiria watu wanashuka na mishumaa yao, maji juu ya vichwa vyao, wanakwenda kumwomba Mungu kwa woga. Asiyeweza kuwahurumia hao sijui atamhurumia nani.

Halafu Mjomba akanyooshea kidole dirishani. Brouwersgracht, mfereji wa watengenezaji bia, umepangwa maghala marefu yenye milango ya mbao madirishani, ghorofa juu ya ghorofa. Sasa ni makazi, tena ya bei kubwa. "Humo," akasema, "ndimo vilimokuwa vikiwekwa viungo."

Nilijua hadithi hii darasani, lakini darasani huna kikombe mkononi na mlango wa ghala mbele ya macho. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Waholanzi, kwa VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1602, walitaka karafuu ya dunia nzima ipite mikononi mwao peke yao. Kwa hivyo wakaamua iote Ambon na visiwa vya jirani tu, na kwengine kote ikatwe. Walipeleka misafara ya mitumbwi ya vita, na waliolazimishwa kupiga makasia walikuwa wenyeji haohao, wakakate mikarafuu ya wenzao. Nimeyaandika maneno haya nikaweka kalamu. Kwetu mkarafuu haukatwi hivi hivi. Mkarafuu una jina la aliyeupanda. Unausubiri miaka kabla haujakupa hata pishi moja, na ukishakuzoea unakulisha wewe na mjukuu wako. Mtu anayesimama mbele ya mkarafuu wa jirani yake na shoka, nyuma yake yuko askari, huyo kichwani mwake mna nini?

Wafaransa ndio waliokuja kuiba miche miaka ya 1770 wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Seyyid Said akaieneza, na waliochimba mashimo na kuchuma walikuwa watumwa, ndugu zetu wa bara. Hilo pia nalisema, maana siwezi kuwasomea Waholanzi hesabu yao nikaificha yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ni sisi.

Nikamwambia Mjomba, "Fedha ya karafuu ndiyo iliyojenga huu mtaa."

"Si karafuu peke yake."

"Lakini na karafuu."

"Na karafuu," akakubali. Akanyamaza kidogo. "Miaka ya mwanzo nilikuwa siwezi kukaa kwenye dirisha hili. Nikikaa kule nyuma. Sasa nakaa hapa hapa, nayatazama."

Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa nimeshaipenda nyumba ile, na nilikuwa na kinyongo na maghala yaliyoko hatua ishirini kutoka pale, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Taa za daraja zilikuwa majini, zinakatika kila boti ikipita na kuungana tena.

Mwenye zamu alipokuja kuchukua vyombo, Mjomba akatia mkono mfukoni akatoa kile kifurushi. Ni karafuu nilizomletea mimi wiki iliyopita, bibi kazifunga kwenye kitambaa cha kanga. Kumbe mtu mzima yule anatembea nazo. Akakifungua mezani. Yule mhudumu, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa, akainama kama alivyoinama mzee wa jenever, akanusa. Akachukua moja, akaitia mdomoni, akafumba macho. Akasema neno moja, "hachee". Mjomba akanifasiria: ni mchuzi wao wa nyama na vitunguu, unaopikwa polepole mchana kutwa na majani ya bay na karafuu. Mama yake mzazi, akasema yule mhudumu, alikuwa akihesabu karafuu, nne tu, na kuzitoa zote kabla ya kupakua, na yeye mtoto akizidoea. Hajaionja karafuu ya moto namna hii tangu utotoni. Mjomba akammiminia kiganjani, na yeye akazikunja ndani ya karatasi ya risiti, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nilipofika nyumbani ilikuwa saa mbili, Pemba saa nne, na nilijua hawajalala. Bibi akapokea. Nyuma yake nilisikia watoto na ule mchakacho wa karafuu kwenye jamvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia yote, hata baa, nikatamka neno lenyewe nikasubiri. Akauliza kama nilikuwa na Mjomba. Nikasema ndiyo. Akasema basi. Nikamweleza jibini. Kwanza hakuamini. Karafuu kwenye jibini? Nikamwapia. Akanyamaza, na nikasikia anawaambia watoto watulie.

"Hebu itazame," akasema. "Zina vichwa?"

Nikanyanyuka na simu sikioni, nikaifungua ile karatasi, nikakisogeza kipande mpaka chini ya taa. Moja ilikuwa imekatwa na kisu. Ya pili ilikuwa nzima, imelala kwenye maziwa meupe, na kikonyo chake, na meno yake manne, na kichwa.

"Zinavyo, bibi."