Faji ya Siagi ya Karanga kwa Sufuria Moja na Jiko la Gesi

Faji ni peremende laini ya Wamarekani inayopikwa kwa sukari, maziwa na siagi, na katika aina zake nyingi ile ya siagi ya karanga ndiyo inayomsamehe zaidi mpishi wa nyumbani. Nimekuwa nikiitengeneza hapa Mbeya kwa jiko dogo la gesi, sufuria moja na mwiko, bila kipimajoto cha sukari wala mashine ya kukorogea, na kila ninapoipika ninazidi kuamini kwamba jitihada kubwa inapaswa kwenda kwenye karanga, kwa kuwa sukari yenyewe haihitaji zaidi ya dakika chache za uangalifu. Maelekezo mengi niliyowahi kusoma yanakwenda kinyume cha hapo: yanamwambia msomaji afungue kopo la siagi ya karanga, basi, kisha yanatumia kurasa nzima kueleza sukari.

Wazo la kuijaribu lilinijia niliposoma habari za wanafunzi wa kike wa Vassar College, katika jimbo la New York, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wakipika faji katika mabweni yao. Mmoja wao, Emelyn Battersby Hartridge, aliandika kwamba mwaka 1886 faji iliuzwa mjini Baltimore kwa senti 40 kwa ratili, na kwamba mwaka 1888 yeye mwenyewe alitengeneza ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nilijiambia kwamba kitu kilichoweza kupikwa bwenini wakati huo hakiwezi kunishinda mimi mwenye gesi na friji. Yao ilikuwa ya chokoleti. Mimi nilichagua karanga, kwa sababu karanga ndizo tulizonazo kwa wingi na kwa bei inayovumilika.

Karanga nanunua sokoni zikiwa mbichi na zimeshabanguliwa, kwa kuwa zilizokaangwa tayari huwa zimeficha kasoro zao. Mama ninayenunua kwake ameshazoea maswali yangu. Nikishamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaniitikia, "Marahaba mwanangu, leo nikupimie ngapi?" huniruhusu kuchota kiganja kimoja kutoka chini ya gunia na kukitawanya juu ya ungo kabla hajashika mizani. Naangalia kama kuna zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu, na zikiwa nyingi, nashukuru na kuondoka. Uchaguzi huo una sababu nzito kuliko ladha. Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye karanga zilizovunwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, naye huacha ndani yake sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini na ambayo moto wa kukaangia hauiondoi ikaisha. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukipima. Hata hivyo, punje zilizoharibika ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kubeba sumu hiyo, na kuziondoa kwa mkono kunapunguza hatari kwa kiasi cha maana. Karanga ikishasagwa, nzuri na mbaya zimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo nachambua nyumbani kwa mara ya pili, mchana, dirishani, kabla ya kuwasha jiko. Hii ndiyo hatua ambayo sikubali kumwachia mtu mwingine, hata akiwa mwanangu mwenyewe.

Kwa sinia moja la faji, nusu kilo ya karanga mbichi inatosha na kubaki. Nazikaanga kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo, nikigeuza bila kupumzika, hadi zitoe harufu na punje nikiikata katikati nione rangi ya kahawia isiyokolea imefika ndani. Moto mkali huunguza ngozi huku moyo wa punje ukibaki mbichi, na ubichi huo hujitokeza kwenye faji kama ladha ya maharage. Zikipoa kidogo nazisugua kwa taulo safi, napeta maganda kwa ungo nje ya nyumba, na kuzisaga zikiwa bado na uvuguvugu. Sehemu kubwa ya karanga, karibu nusu ya uzito wake, ni mafuta, na uvuguvugu huyasaidia kutoka. Ndiyo maana siongezi mafuta mengine kabisa. Mwanzoni blenda hutoa unga mkavu, kisha donge linaloganda pembeni na kumfanya mtu adhani mashine imegoma, na mwishowe donge hilo hulegea lenyewe na kuwa rojo laini linalong'aa. Huwa nazima blenda kila baada ya muda mfupi ili injini ipoe. Anayetumia kinu na mchi atapata siagi yenye chengachenga, nayo inafaa vizuri tu, isipokuwa faji itakuwa na ukavu fulani mdomoni.

Siagi ya karanga ya nyumbani ina tabia moja ambayo ile ya viwandani mara nyingi haina: mafuta yake hujitenga na kuelea juu. Viwanda vingi huzuia jambo hilo kwa kuchanganya kiasi kidogo cha mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Nyumbani mimi huiacha siagi ilale kwenye chombo usiku kucha, na asubuhi nayamimina taratibu mafuta yaliyopanda juu na kuyaweka kando ya kukaangia mboga. Inayobaki ni nzito, na uzito huo ndio unaotakiwa, kwa sababu mafuta ya ziada hutokeza juu ya faji iliyoganda na kuifanya itelezeshe vidole. Ikiwa mtu anatumia ya dukani, achague isiyo na sukari nyingi na aruke hatua hii.

Vipimo vyangu ni sukari gramu 400, maziwa mililita 120, siagi ya maziwa gramu 30, asali kijiko kimoja cha chakula, siagi ya karanga gramu 250, vanila kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kutosha kubanwa kwa vidole viwili. Sukari natumia ile ya kawaida ya viwanda vyetu yenye rangi ya kahawia hafifu, ambayo huongeza ladha kidogo. Maziwa ni ya ng'ombe wa Rungwe yasiyopunguzwa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa. Asali haipo kwa ajili ya ladha: glukosi na fruktosi zilizomo ndani yake huzuia chembe za sukari zisishikamane na kukua, na kijiko kimoja kinatosha kazi hiyo. Wengine hutumia ndimu kwa lengo hilohilo. Mimi naikwepa kwa kuwa asidi yake inaweza kuyakata maziwa.

Kabla sijawasha moto naandaa kila kitu, kwa maana baadaye hakutakuwa na nafasi ya kutafuta kijiko. Sinia la mraba la sentimeta 20 nalitandika karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi, siagi ya karanga naipima na kuiacha mezani ili isiwe ya baridi, na bakuli la maji baridi kutoka kwenye friji naliweka karibu na jiko. Sufuria iwe kubwa mara tatu ya vilivyomo, kwa sababu maziwa yenye sukari hupanda kwa ghafla, na kusafisha jiko lililomwagikiwa na sukari ni adhabu.

Sukari, maziwa, siagi, asali na chumvi vinaingia pamoja juu ya moto mdogo, na hapo nakoroga hadi mwiko ukipitishwa chini ya sufuria usisikie mkwaruzo wa punje hata moja. Baada ya hapo naongeza moto kiasi, na mchanganyiko ukianza kuchemka naweka kifuniko kwa dakika moja, nikiwa nimesimama palepale, ili mvuke uteremshe chembe za sukari zilizonasa kwenye kuta. Kisha nafunua na kuacha kukoroga. Chembe moja isiyoyeyuka ikirudi ndani ya sukari iliyokolea inaweza kuwavuta wenzake wote, na faji ikawa na mchanga. Kinachotakiwa kwenye faji nzuri ni chembe nyingi mno zilizo ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi.

Sasa lipo suala la kujua imeiva lini, na hapa ndipo mahali ninapokaa panapoingilia mapishi. Vitabu vya upishi husema sukari ya faji inaiva kati ya nyuzi 112 na 116 za sentigredi, ambapo karibu asilimia 85 ya uzito wake ni sukari na kinachobaki ni maji. Kiwango hicho ni cha usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kwa kila mita 300 hivi mtu anazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa karibu nyuzi 1. Yanayochemka kwa nyuzi 100 Tanga, hapa huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mpishi wa Mbeya, Njombe au Nairobi akisubiri kipimajoto kifike 114 kama kitabu kinavyosema, maji yatakuwa yamekauka kupita kiasi, naye atapata kitu kigumu kinachovunjika kama matofali mabichi. Anapaswa kutoa zile nyuzi 6 kwanza. Saa nayo haiaminiki, kwa kuwa dakika mbili na nusu zinazotajwa sana kwa faji ya aina hii zinategemea ukali wa moto na upana wa sufuria.

Maji baridi hayajali mwinuko. Zikipita kama dakika mbili tangu nifunue sufuria, nadondosha tone la sukari ndani ya bakuli na kulikusanya kwa vidole. Likisambaa ndani ya maji, bado. Likikusanyika kuwa kigololi laini kinachobonyea na kulegea nikikitoa majini, nazima gesi hapohapo. Likiwa gumu limepitiliza, na kijiko kimoja au viwili vya maziwa pamoja na kurudisha moto kidogo hulirekebisha, mradi siagi ya karanga haijatiwa. Wakati wa kupima huwa naiondoa sufuria motoni, kwani sukari haingoji mtu amalize kufikiri.

Nikishazima, naiacha itulie hadi mapovu yaishe, ndipo natia siagi ya karanga na vanila na kukoroga kwa nguvu. Faji za jadi zisizo na karanga huachwa zipoe hadi karibu nyuzi 45 bila kuguswa, kisha hupigwa kwa mwiko mpaka mkono uchoke. Hii haihitaji mateso hayo, kwa sababu mafuta na chembe za karanga hujipenyeza katikati ya sukari na kuzuia chembe zake zisikue. Nakoroga hadi ule mng'ao uanze kufifia na mwiko uwe mzito, na mara moja namimina kwenye sinia. Kuchelewa kidogo tu kunatosha faji igande ndani ya sufuria. Unene wake huwa karibu sentimeta moja na nusu. Saa mbili mezani zinatosha kuigandisha kwa baridi ya Mbeya, kisha naitoa pamoja na karatasi na kuikata kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa.

Wifi yangu wa Tanga, aliyelelewa kwa kashata na kahawa chungu, alipoonja kipande cha kwanza aliniuliza, "Wifi, mbona hii kashata haijakauka?" Nilimweleza kwamba kashata ya karanga hupikwa hadi shira ikolee zaidi, haina maziwa, na karanga zake hubaki nzima au vipande, ndiyo maana huvunjika kwa meno, ilhali hii hukatika kwa kisu. Alikubali, ila akasema imezidi utamu, na kwa hilo nilimpa haki yake: tangu hapo naongeza chumvi kidogo zaidi na nakata vipande vya sentimeta 2 tu, kwani kupunguza sukari yenyewe kungeharibu mgando. Iliki ya kusaga badala ya vanila ni pendekezo lake pia, na kusema kweli naipenda kuliko vanila.

Wageni nawaambia mapema kwamba ndani yake kuna karanga, kwa kuwa mwenye mzio anaweza kudhurika kwa kipande kidogo sana. Hapa Mbeya faji hukaa wiki mbili ndani ya kopo lenye kifuniko bila kubadilika, lakini ninayompelekea wifi Tanga naifunga kipande kimoja kimoja kwa karatasi ya kuokea, kwa sababu sukari hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na uso wa faji ukaanza kunata. Kule anaihifadhi kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa, na anapoitoa hukiacha chombo mezani bila kukifunua hadi kipoteze ubaridi, ili jasho lishike nje ya chombo badala ya kushika vipande.